Mwenye Nyumba Aliyetufundisha Kugoma

Habari za matajiri wa chuma na reli wa Marekani nilifundishwa jikoni, Ilford, mashariki mwa Landani, nikiwa nimevaa koti. Mwalimu wangu alikuwa ndiye mwenye nyumba wangu. Ndiye aliyenipangisha chumba cha juu kinachotazama barabara, ndiye aliyenieleza jinsi watu wachache walivyojilimbikizia mali huku maelfu wakikohoa moshi wa viwanda vyao, na ndiye aliyefunga hita kwa ufunguo. Kwa muda mrefu sikuona kioja chochote katika hayo. Mtu ukishamzoea, vituko vyake navyo unavihesabu kuwa sehemu ya nyumba.

Tulimwita Mwalimu, basi. Alikuwa amefundisha historia sekondari huko Iringa kabla ya kuja Landani, na hapa akaendesha basi mpaka alipostaafu. Kazi ya kwanza aliiita kazi. Ya pili aliiita likizo ndefu yenye usukani. Lakini basi lilikuwa limemwingia mwilini kuliko alivyokubali, maana hata akiwa amekaa mezani alikuwa akikanyagakanyaga sakafu kwa mguu wa kulia kila hadithi ilipofika pabaya, na akitaka kufunga kipindi alisema, "Haya, milango inafungwa," akasimama.

Kipindi kilikuwa kila Jumapili saa nane mchana, na saa nane yake ilikuwa saa nane kweli. Wanafunzi tulikuwa watatu, wapangaji wake wote. Papa Ezekieli, Mkongo wa Bukavu, alikuwa anasafisha vituo vya treni na siku hiyo alifika moja kwa moja kutoka kanisani, suti ingali mwilini. Bi Salma wa Unguja, muuguzi, alikuja baada ya kuswali adhuhuri, na daima alikuja na kitu cha kutafuna. Mimi nilikuwa natunza wazee kwenye nyumba yao ya kulelea, na mara nyingi nilishuka jikoni na mgongo unaouma, nikajipa moyo kwamba kusikiliza si kunyanyua mtu. Mwalimu alitusubiri amevaa tai. Jikoni kwake mwenyewe, Jumapili, tai.

Hakuwa na ubao. Alifundisha kwa vyombo. Kopo la chumvi lilikuwa reli, sukari ilikuwa wakulima wanaotaka kusafirisha ngano yao, na chupa ya mafuta ya kupikia ilikuwa, kwa haki kabisa, tajiri wa mafuta. Siku aliyotueleza ujanja wa huyo tajiri wa mafuta alitumia sahani ya chapati za Bi Salma, na mpaka leo sijasikia mtu akieleza vizuri zaidi.

"Papa Ezekieli, wewe unanunua chapati kwangu kwa bei ya kawaida," alisema. "Huyu bwana mkubwa, kwa sababu ananunua nyingi, nampunguzia. Hapo sawa?"

"Iko sawa," Papa Ezekieli akasema. "Ni biashara."

"Sasa ngoja. Kila chapati unayonunua wewe, mimi nakata kipande," na akakata kweli, "nampelekea yeye. Kwa siri."

"Ya kwangu?"

"Ya kwako. Uliyoilipia."

Papa Ezekieli aliitazama ile chapati iliyopungua kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe. "Ah, hapana, Mwalimu. Ile ni mwizi, kabisa!"

"Basi ndivyo watu wa reli walivyompa tajiri wa mafuta sehemu ya nauli za wapinzani wake," Mwalimu akasema, akala kile kipande mwenyewe.

Alikuwa mtu wa wanyonge, hilo halina ubishi. Alipotueleza habari za watoto waliofanya kazi kwenye viwanda vya nguo, wakipanda juu ya mashine kwa sababu walikuwa wafupi mno kuzifikia, alivua miwani na kuifuta muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji. Siasa za miji ya wakati ule zilimchekesha na kumkera kwa pamoja. Alituambia kuhusu wale wakubwa wa mitaa waliokuwa wakiwapokea wahamiaji bandarini, wakawapa makaa ya kupashia chumba moto na kibarua cha kuanzia, halafu siku ya kura wakaja kuchukua chao. "Mnaijua hiyo," akasema. "Ni siasa ya kapelo na kanga za kampeni, ila kwao kulikuwa na baridi, wakagawa makaa."

Lakini pia, na hapa ndipo tulipokuwa tukimvizia, matajiri wale aliwapenda. Aliwapenda kama mtu anavyompenda mchezaji wa timu pinzani. Akianza habari za yule tajiri wa chuma, jinsi alivyoanza kama mtoto wa kubeba simu za maandishi mpaka akawa anauza chuma cha nusu ya nchi, sauti ilimpanda, mguu ukakanyaga mafuta. Kisha alijikumbusha, akashusha sauti, akatueleza jinsi mgomo ulivyovunjwa kwa bunduki kiwandani kwake huku mwenyewe yuko mapumzikoni ng'ambo. Na kwamba baadaye alijenga maktaba, mamia kwa mamia. "Aliwajengea vitabu watu ambao hakuwaachia hata saa moja ya kusoma," alisema. Halafu: "Lakini maktaba zile zilikuwa nzuri, jamani."

Kwenye mlango wa friji alibandika picha mbili alizokata kwenye magazeti. Moja ya tajiri mwenye ndevu nyeupe, nyingine ya wasichana wa kiwandani wamesimama peku mbele ya mashine. Papa Ezekieli alimwuliza siku moja yeye yuko upande gani wa friji.

"Mimi niko upande wa historia," Mwalimu akajibu.

"Huo si upande, baba," Bi Salma akasema huku akimimina chai. "Hiyo kona ya kujifichia."

Alicheka mpaka akakohoa. Ukimtania vizuri alikuwa anafurahi kuliko ukimsifu, na wiki nzima baadaye alirudia maneno yale kwa kila aliyekutana naye, pamoja na mtu wa posta.

Sasa habari ya hita. Kwenye ukuta wa varanda ya ndani, karibu na ngazi, kulikuwa na kidude cha kurekebishia joto la nyumba nzima, na juu ya kidude kulikuwa na kiboksi cha plastiki kinachopitisha mwanga, chenye kufuli. Ufunguo ulining'inia kiunoni kwake kwa kamba ya kiatu. Ungeweza kuiona namba ya joto. Kuigusa, hapana. Kuanzia tarehe mosi Aprili hita ilizimwa, kwa sababu kalenda ilisema ni majira ya kuchipua, na Mwalimu aliiamini kalenda kuliko ngozi yake. Nje ikinyesha mvua ya mawe, ndani tulikuwa tunaambiwa ni majira ya kuchipua.

Na huyuhuyu ndiye aliyekuwa akimpa kila mpangaji mpya koti. Hakuuliza kipimo. Alienda duka la mitumba la hisani, akachagua mwenyewe, likawa kubwa siku zote, kwa hoja kwamba baridi ya hapa unaikulia. Koti langu lilinifika vifundoni. Papa Ezekieli alipolazwa kwa ajili ya figo, Mwalimu alikaa naye hospitalini siku nne mfululizo, asubuhi mpaka jioni, akimsimulia habari za migodi ya makaa mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaomba tafsiri. Kodi hakuipandisha hata mara moja kwa miaka yote niliyokaa pale. Mtu kama huyo utamshitaki kwa nani? Tulinung'unika ngazini, kila mtu na koti lake, kisha tukashuka kumsikiliza.

Ilikuwa desturi ya nyumba ile kusherehekea Mei Mosi. Mwalimu alituambia mwaka wangu wa kwanza kwamba sikukuu hii tuliyoandamana kwayo tangu utoto, na fulana zake na mabango yake na mfanyakazi bora anayepewa bati au godoro, ilitokana na wafanyakazi wa mji mmoja wa Marekani waliotaka siku igawanywe mafungu matatu: fungu la kazi, fungu la usingizi na fungu la mtu mwenyewe. Na Wamarekani wenyewe, akasema kwa uchungu, wakaenda kuisherehekea yao Septemba.

"Fungu la mtu mwenyewe ndo lipi hilo?" Bi Salma akauliza. "Mie jana nimesimama wodini saa kumi na mbili nzima."

Basi kila Jumatatu ya mapumziko, mwanzoni mwa Mei, tuliandamana. Tulianzia mlango wa mbele, tukapita varandani, tukapita jikoni, tukatokea uani, hatua kama ishirini na tano kwa jumla, tukiwa na bango la shuka. Uani Mwalimu alikuwa ameshakaa nyuma ya meza yenye kitambaa na chupa ya maji, maana yeye ndiye alikuwa mgeni rasmi. Tulimsomea risala. Alijibu risala. Kisha akamtangaza mfanyakazi bora, ambaye kwa miaka mitatu mfululizo alikuwa Papa Ezekieli, na zawadi kwa miaka yote mitatu ilikuwa blanketi.

Mwaka ninaotaka kuusimulia, baridi iligoma kuondoka. Mwisho wa Aprili tulikuwa tunaona pumzi zetu jikoni. Bi Salma alikuwa ametoka kuugua kifua, na siku moja alisimama mbele ya kile kiboksi, akakigonga kwa ukucha, akasema, "Huyu baba keshatufanya samaki wa barafuni. Safari hii risala naandika mie." Akaiandika. Ilikuwa na kila kinachotakiwa kwenye risala: salamu, shukrani, mafanikio, na kwenye changamoto kulikuwa na changamoto moja tu, ufunguo. Kama hatutajibiwa, ilisema, wafanyakazi watatafakari hatua za kuchukua. Tukapiga kura nani aisome, nikapita mimi bila kupingwa, kwa kuwa nilikuwa na sauti na Kiswahili cha ofisini.

Hapo nilikuwa na jambo langu. Mwanangu Neema, miaka tisa, alikuwa Morogoro kwa mama yangu. Nilikuwa nimemwacha akiwa na miaka minne, na nilikuwa nimeshamaliza kila kilichotakiwa ili aje kuishi nami, kasoro karatasi moja. Wakili alitaka barua ya mwenye nyumba, yenye sahihi, inayosema kwamba mtoto anaruhusiwa kukaa pale na nafasi ipo. Ilitakiwa ifike kabla Juni haijaingia. Nilikuwa nimemwomba Mwalimu tangu Machi. Alinijibu kwamba amelipokea na atalifanyia kazi, na wewe msomaji kama umewahi kuomba kitu ofisini kwetu, unajua sentensi hiyo inaweza kulala muda gani. Sikuthubutu kumkumbusha zaidi ya mara mbili. Akikataa, ningelazimika kutafuta nyumba nyingine, mwenye nyumba mwingine, ndani ya wiki nne, na mtoto angesubiri tena.

Papa Ezekieli alinikuta ngazini na ile risala mkononi, sijui nimesimama pale kwa muda gani.

"Mama Neema, usisome ile karatasi," akasema. "Barua ya mutoto iko mu mikono yake. Acha mi nisome. Mi sina kitu ya kupoteza, blanketi niko nazo tatu."

Nilitaka kukubali. Nasema ukweli, nilishamnyooshea karatasi. Lakini nikawaza: nikinyamaza leo kwa sababu ya ile barua, basi kila atakachofanya Mwalimu nitanyamaza, na Neema atakuja kukaa kwenye nyumba ambayo mama yake hasemi. Ilinikera. Nikairudisha karatasi kifuani kwangu, nikamwambia ashike bango.

Niliisoma. Sauti ilitetemeka kwenye shukrani, lakini kwenye changamoto ilinyooka. Mwalimu alisikiliza amekunja mikono, akafungua maji, akanywa, akasimama. Alitupongeza kwa risala iliyoandikwa kitaalamu. Alisema suala la hita anatambua uzito wake, kwamba liko kwenye mchakato, kwamba tuendelee kuchapa kazi na kuvuta subira. Halafu akamtangaza mfanyakazi bora. Papa Ezekieli alilipokea blanketi lake la nne bila kutabasamu.

Tulikaa chumbani kwangu kujadili. Kodi hatukutaka kuigusa, maana ndiyo paa letu, na tulijua hana tamaa nayo. Tungemgomea nini? Ni Bi Salma aliyekigundua. "Nyie hamwoni?" akasema. "Huyu tunamfanyia kazi kila Jumapili. Tunamsikiliza. Tuache kumsikiliza tuone."

Tulicheka, kisha hatukucheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Kitu pekee Mwalimu alichokihitaji kutoka kwetu kilikuwa masikio sita. Na Jumapili iliyotangulia alikuwa ametuacha katikati ya hadithi nzito, ya yule tajiri wa mabehewa ya kulala aliyewajengea wafanyakazi wake mji mzima. Nyumba zake, duka lake, hata kanisa lake. Walipopunguziwa mshahara, kodi ya nyumba haikupungua hata kidogo. Wakagoma. Na hapo milango ikafungwa. Hatukujua mwisho wake.

Jumapili ya mgomo, saa nane kamili, tulikuwa vyumbani. Tulimsikia akivuta kiti. Tulimsikia akikohoa. Kisha, Mungu wangu, akaanza kufundisha. Alifundisha viti vitatu vitupu saa nzima, kwa sauti ya darasani, mguu ukikanyaga sakafu. Nilikuwa nimekaa juu ya ngazi nimekumbatia magoti, na nilitamani kushuka kuliko nilivyotamani moto. Papa Ezekieli alitoa kichwa mlangoni kwake akaninong'oneza, "Amefika wapi?" Nikamwambia anarudia ya wiki jana. Mzee alikuwa mjanja. Mwisho wa hadithi hakuutoa bure.

Jumapili iliyofuata hakufundisha. Saa nane na nusu nikasikia hatua zake ngazini, pole pole, maana magoti yake yalikuwa yameshaanza kumsumbua, na zikaishia mlangoni kwangu. Nilijua ni ile barua, ama ndiyo ama hapana. Nikafungua.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Alikuwa amevaa koti la suti na tai. "Mmenigomea, Mama Neema."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mnajua yule tajiri wa ule mji alifanyaje?"

"Hatujui. Hukumaliza."

Akakaa kwenye kiti cha pekee kilichokuwepo, nami nikakaa kitandani. Milango mingine miwili ikafunguka, wala hakuna aliyejifanya hasikilizi. "Alisema hakuna cha kuzungumza," Mwalimu akasema. "Waliomwomba wakae mezani walikuwa wengi, mpaka wakubwa wa miji. Akasema hakuna cha kuzungumza. Wakaletwa askari, mgomo ukavunjwa. Alishinda. Miaka michache akafa, na mnajua walimzika vipi? Kwa zege. Zege na vyuma vya reli juu yake, kwa sababu familia iliogopa wafanyakazi wasije wakamfukua."

"Yesu," Papa Ezekieli akasema kutoka mlangoni.

"Mimi nataka nizikwe kwa udongo wa kawaida," Mwalimu akasema. Akaingiza mkono mfukoni mwa koti akanipa bahasha. Barua ilikuwa na kila kitu wakili alichotaka, na mstari mmoja ambao hakuutaka, usemao kwamba mtoto huyo atakuwa furaha kwa nyumba nzima. Nililia hapohapo, mbele ya watu, na Bi Salma akaniletea maji.

Mazungumzo ya hita yalifanyika jikoni siku hiyohiyo, pande mbili za meza, na yalichukua muda mrefu kuliko ilivyostahili kwa sababu kila mtu alikuwa akiyafurahia. Mwalimu aliomba madirisha yafungwe hita ikiwaka. Sisi tuliomba kalenda isitumike tena kama kipimo cha baridi. Ufunguo ulikabidhiwa kwa Bi Salma, ambaye tangu siku hiyo aliitwa Waziri wa Nishati, na ambaye, niseme tu, alikuja kuwa mbahili wa joto kuliko Mwalimu mwenyewe.

Neema alifika Agosti. Mwalimu alimpokea na koti.

Hayo yote yana miaka sita sasa. Magoti yalipomshinda ngazi Mwalimu aliiuza nyumba ile, akahamia fleti ya chini Queensbury, upande wa pili wa jiji, na wakati huo mimi na Neema tulikuwa tumeshapata pa kwetu. Bi Salma amerudi Unguja, Papa Ezekieli yuko Birmingham na wajukuu. Juzi, Jumapili, nilimchukua Neema tukaenda kumsalimia.

Tulimkuta amepungua mwili, tai bado. Anaishi peke yake. Jirani yake, mama wa Kihindi aliyekulia Mwanza na ambaye hajasahau Kiswahili, humletea dengu mara mbili kwa wiki, lakini Mwalimu alilalamika kwamba mama huyo amekataa katakata kusikiliza habari za reli, amesema kwao wamezisikia za kutosha. Alimwuliza Neema habari za shule, kwa Kiswahili, na Neema akajibu kwa Kiingereza, kama anavyonijibu mimi siku hizi. Wakaenda hivyo, kila mmoja na njia yake, wakielewana vizuri tu. Nilikuwa nikiwatazama na kufurahi. Nikamwambia Mwalimu, kama ninavyomwambia kila mara, kwamba kama si barua yake mtoto huyu asingekuwa hapa.

Akaweka kikombe chini. "Usiseme hivyo tena," akasema. "Siku ile nilipanda ngazi na barua mbili."

"Mbili zipi, Mwalimu?"

"Ile uliyoipata. Na nyingine ya kukupa miezi miwili utafute pa kwenda. Moja mfuko wa kulia, moja wa kushoto. Nilikuwa nimeudhika, Mama Neema. Nilifundisha viti. Mpaka nafika mlangoni kwako nilikuwa sijaamua. Ukafungua, ukaniamkia. Wiki mbili mtu hataki kunisikia, halafu shikamoo. Nikaona aibu."

Nilikasirika. Miaka sita nimemsifu mtu huyu kanisani, kazini, kwenye simu na mama yangu, na kumbe maisha ya mwanangu yalikuwa yamegawanywa kwenye mifuko miwili ya koti. Nilitaka kumwambia neno zito. Nikamtazama, nikaona kwamba hakuna aliyemlazimisha kulisema lile, na kwamba angeweza kufa nalo na mimi nikaendelea kumsifu.

Aliyesema ni Neema, na alisema kwa Kiswahili, safi, cha Morogoro, ambacho nilikuwa sijakisikia kinywani mwake kwa muda mrefu.

"Na kama mama asingekuamkia?"

Mwalimu alivua miwani, na safari hii hakuifuta.

"Sijui, mjukuu wangu," akasema. "Nimefundisha watu miaka mingi habari za wakubwa waliokosea. Nilikuwa najua kila mmoja alikosea wapi. Siku ile sikujua. Nilikuwa mzee mwenye barua mbili, basi."

Saa ilikuwa imekwenda na tulikuwa na treni ya kuwahi, kwa hiyo nikasimama, nikachukua mkoba, nikampa Neema ile ishara ya jicho. Neema hakusimama. Alikuwa bado anamkazia macho Mwalimu, uso umekunjamana kama anapofanya hesabu ngumu.

"Huo mji wa yule tajiri," akamwambia, "mama hajui kuusimulia. Anaanzia kwenye mgomo. Kabla ya mgomo kulikuwaje?"

Mguu wa Mwalimu ulianza kucheza chini ya meza. Lakini kwanza alinigeukia mimi niliyesimama na mkoba, akangoja, kuona kama naruhusu.

Nikauweka mkoba chini, nikamwambia aanze.